Rangi ya Marais Wastaafu

Mto ulikuwa unadondosha maji. Mwenyekiti aliingia nao karakanani akiwa ameubana kwapani kama jogoo mgonjwa, na kila hatua aliyopiga iliacha dimbwi dogo sakafuni, tangu mlangoni hadi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Watu wote waliokuwemo waliangalia mto. Mtu mmoja tu aliangalia viatu.

Mtu huyo alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri kubadilishiwa zipu ya begi lake. Alifuata matone kwa macho, moja baada ya jingine, mpaka yakamfikisha kwenye viatu vya Mwenyekiti: ngozi laini, soli nzima, kamba mpya. Hapo macho yake yakatulia, kama mtu aliyefika nyumbani na kukuta chakula mezani.

Msichana wa cherehani aliliona hilo. Akainamisha kichwa, akaendelea kushona.

Karakanani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu alifanya kazi kutwa bila kutoa sauti. Karakana ilikuwa ya shangazi yake. Humo walifumua na kuvisha upya makochi, viti vya ofisi, viti vya vinyozi na chochote kingine ambacho watu hukikalia mpaka kikachoka. Cherehani kubwa ya chuma iliyokuwa dirishani, ile inayopenya turubai mikunjo minne bila kusita, ilikuwa ya marehemu mama yake Sindano, na mama alimwachia bintiye kwa kauli yake mwenyewe. Mbele ya wateja Shangazi aliiita "cherehani yangu". Sindano hakuwahi kumsahihisha. Alikuwa akijiandaa kufanya hivyo kwa mwaka wa nne sasa.

"Mama fundi," alisema Mwenyekiti, akautupa mto mezani. Ukalia kama tope. "Boti ya chama chetu ina viti kumi na viwili vya nje. Vyote viko hivi. Mvua ikinyesha leo, tunaikalia mpaka wiki ijayo. Wanachama wanashuka wameloa nyuma kama watoto wachanga. Na Jumamosi ya wiki ijayo ni uchaguzi, tena tunaufanyia botini. Unanielewa?"

"Nakuelewa," alisema Shangazi. "Mtu akishaloa hakupi kura."

"Naruhusiwa?" ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Yule wa begi alikwishasimama. Alivaa koti jeupe refu, na miwani iliyofungwa kamba. Aliukaribia mto taratibu, akainama, akaweka sikio juu yake. Akafumba macho. Karakana nzima ikanyamaza. Hata Shangazi, ambaye hakunyamaza hata kwenye misiba.

Kisha akavua miwani. "Poleni sana."

"Pole ya nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Amefariki."

"Nani?"

"Sponji. Tena si leo. Huyu ana miezi. Mmekuwa mkikalia maiti, mheshimiwa."

"Wewe ni nani?"

"Wanaonifahamu huniita Daktari wa Mito. Wasionifahamu huendelea kuloa."

Hapa inafaa kusema neno kuhusu udaktari huo. Shahada yake hakuna aliyewahi kuiona. Koti, kwa upande mwingine, kila mtu aliliona, na lilikuwa la mchinjaji mmoja aliyehama mtaa bila kuaga. Kabla ya mito, bwana huyu aliwahi kuwa daktari wa betri, daktari wa mapazia, na kwa wiki mbili ambazo hapendi kuzikumbuka, daktari wa meno. Alikuwa na sheria moja tu katika kazi zake zote: uondoke kabla kitu hakijajaribiwa.

Akafungua begi lake bovu. Akatoa kipande cha kitambaa cha bluu, ukubwa wa sahani, na kipande cha sponji nyeusi, ukubwa wa mkate. Akaomba maji. Akayamwaga juu ya kitambaa. Maji yakakusanyika kama shanga, yakateleza, yakaanguka. Akayamwaga juu ya sponji. Yakapita moja kwa moja yakatokea chini, shwaa, kama yamepita kwenye kichujio cha chai. Akaikung'uta mara moja, akampangusia nayo Mwenyekiti shavuni.

"Kavu!" alisema Mwenyekiti.

"Kavu."

"Hii inatumika wapi?"

Daktari alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti. "Mheshimiwa, kuna boti ambazo wakubwa wa nchi hupumzikia. Mimi sitaji nchi."

"Boti za marais?"

"Hilo umelisema wewe. Shahidi ni bibie hapa."

Shangazi alitikisa kichwa kuthibitisha jambo asilolijua, kwa sababu alikuwa ameitwa bibie. Mara ya mwisho kuitwa hivyo, cherehani zilikuwa za kuzungushwa kwa mkono.

Sindano alinyoosha kidole akagusa ile sponji nyeusi. Kazi yake miaka yote ilikuwa kufumua, na mtu anayefumua hujua watu wamekalia nini. Alijua kwamba sponji ya godoro ina vyumba vidogo vidogo vyenye kuta; maji yakiingia hupanga humo na hayataki kuhama. Hii haikuwa na kuta. Ilikuwa sponji ya kweli ya boti. Na kitambaa nacho kilikuwa cha kweli. Daktari alivikata kwenye kiti cha boti moja wakati mwenyewe anaogelea. Tatizo ni kwamba hivyo vipande viwili ndivyo vyote alivyokuwa navyo duniani.

"Mzigo unaweza kupatikana?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kwa mtu mwingine, haupatikani."

"Na risiti?" Mwenyekiti naye akatazama mlangoni na dirishani. "Fedha ni za chama, unajua. Risiti inaweza kuwa nene kidogo kuliko mzigo?"

"Mheshimiwa, risiti zangu zinakula mara tatu kwa siku."

Walitazamana kwa upendo wa watu wa kazi moja. Lakini Mwenyekiti, kwa kuwa alijua anachofanya yeye mwenyewe, hakumwamini mtu. Alitaka kulipa nusu sasa, nusu baada ya jaribio. Na jaribio alilipanga palepale: asubuhi ya uchaguzi, mbele ya wanachama, viti vitamwagiwa maji kwa mpira kwa muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha mke wake atakaa, na gauni jeupe.

"Akinyanyuka mkavu, namalizia. Akinyanyuka ameloa, nachukua dhamana. Dhamana yenu ni nini?"

Daktari hakuchelewa hata kidogo. Mkono wake ulizunguka karakana kama mtu anayechagua embe sokoni, ukatua kwenye cherehani ya chuma. "Hii. Na bibie, mwenye mikono ambayo ningeiona mapema nisingezurura dunia, ndiye atakayeshona. Mimi sitaki hata sifa. Nusu ya pili ilipwe kwake moja kwa moja. Nipeni karatasi, naandika."

Akaandika kwa ukarimu mkubwa, kama mtu anayegawa shamba lililo mwezini. Shangazi, ambaye mwaka uliopita alimrushia mteja mkasi kwa kosa la kuomba apunguziwe, alicheka kicheko ambacho Sindano hakuwahi kukisikia. Sijui alikuwa amekihifadhi wapi. Kisha akaweka sahihi.

Sindano alifungua mdomo. Maneno yalifika kooni, yakaona watu ni wengi, yakarudi.

*

Kesho yake Daktari alimpa Sindano noti chache na maelekezo machache zaidi.

"Sponji ya godoro, ile ya mwisho kabisa kwa bei. Kitambaa cha kochi, chochote, mradi kiwe cha bei ya aibu. Ukimaliza kushona, pulizia hii." Akamkabidhi chupa ya plastiki yenye kichwa cha kupulizia. Ndani yake mlikuwa na mshumaa ulioyeyushwa, sabuni, na ndimu kidogo ili kuwe na harufu ya kitaalamu. "Dawa hii inaingia ndani ya sponji ya kawaida, inaifundisha tabia ya sponji ya marais."

"Itanyonya," alisema Sindano.

Daktari aliruka. "Kumbe unaongea! Itanyonya nini?"

"Maji."

"Mwanangu, wewe ni fundi. Aliyesomea mambo haya ni wewe au mimi?"

Kwa kweli hakuna aliyesomea, lakini mmoja wao alikuwa na koti.

Sindano alimfuata Shangazi jikoni. Shangazi alikuwa anajipaka mafuta viwikoni, sehemu ambayo haikuwahi kupata huduma hiyo siku za kazi.

"Shangazi, yule mtu..."

"Unaona alivyo mpole?"

"Ananinunulisha sponji ya godoro."

"Na dawa yake je?"

"Shangazi, cherehani..."

"Cherehani itaenda wapi? We mtoto, kila siku kimya, siku ukipata neno linakuwa la kumharibia mtu. Nipe hicho kitambaa nijifute mikono."

Basi Sindano alitoka nje, akasimama jua kali, akafikiri. Sahihi ilikwishawekwa. Daktari angetoweka kabla ya mpira wa maji kufunguliwa. Hilo alilijua tangu alipomwona akiangalia viatu. Viti vikinyonya, cherehani ya mama yake ingebebwa na watu wanne ikaenda kukaa stoo kwa Mwenyekiti, chini ya makasha. Kumzuia Daktari kulihitaji kuongea sana. Kuongea na Mwenyekiti kulihitaji kuongea zaidi. Ilibaki njia moja ambayo haikuhitaji maneno: viti visinyonye.

Alikwenda kwanza kwa muuza maturubai. Mbele ya duka lile palikuwa na mifuko ya saruji iliyofunikwa kwa robota la kitambaa kizito cha rangi isiyo na jina zuri. Kilikuwa kijani, lakini kijani cha nyongo. Hoteli moja ilikiagiza kwa ajili ya vivuli vya bustani. Meneja mpya alipokiona akasema wageni watadhani wamelishwa kitu kibaya, akakirudisha. Kwa mwaka wa pili kilikuwa kinapigwa jua na mvua juu ya saruji.

Sindano aliinua ukunjo wa juu. Akaukunjua, akatazama ukunjo wa ndani ambao jua halikuwahi kuufikia. Rangi ilikuwa ileile. Mwaka wa pili juani, na ubaya wake haukupungua hata kidogo. Akachomoa uzi mmoja pindoni, akaukata kwa meno, akautazama ncha. Kitambaa cha kochi ni kama kiazi kitamu, rangi iko kwenye ganda, ndani cheupe. Jua likikimenya kidogo tu basi. Uzi huu ulikuwa kijani mpaka moyoni. Akanusa upande wa chini, uliokuwa umegusa saruji yenye unyevu miezi yote hiyo. Haukuwa na ukungu.

"Hicho?" muuza maturubai aliuliza. "Binti, hicho nafunikia. Lakini kama unakitaka..." Akataja bei.

Sindano alimtazama. Hakusema kitu, kwa sababu hakujua aseme nini.

"Basi, nipunguze kidogo," alisema muuzaji.

Sindano alitazama chini.

"Ala! Haya, nusu yake."

Sindano alikuna sikio.

"Na uzi wa mahema nakupa bure, bunda zima. Lakini tafadhali usiniangalie hivyo, nina watoto."

Kutoka hapo alikwenda nyuma ya gereji, kwa fundi wa kutengeneza vichujio vya hewa vya majenereta. Chini ya meza yake kulikuwa na gunia la vipande vya sponji nyeusi yenye matundu makubwa. Sindano aliokota kimoja, akakiweka mdomoni, akapuliza, na kiganja chake upande wa pili kikasikia pumzi. Akaminya; kikarudi haraka, kigumu kiasi cha kumbeba mtu mzima mwenye cheo. Fundi alimpa gunia zima, kwa sharti kwamba amwondolee na panya aliyekuwa humo.

Kazi ilichukua siku nane. Vipande vilikuwa vidogo, hivyo aliviunganisha kwa gundi ya viatu, nukta hapa, nukta pale, kwa sababu gundi ikitandazwa inakuwa ukuta na maji yanakwama. Chini ya kila mto hakuweka kitambaa. Aliweka wavu wa madirisha, ili maji yakishapita juu yapate mlango wa kutokea. Mishono aliigeuza ikae ubavuni, sio juu, kwa kuwa kila tundu la sindano ni bomba dogo. Chupa ya dawa ilikaa rafuni. Shangazi alipulizia nzi mara moja. Nzi wakaishi.

Siku ya saba Daktari alipita kukagua. Alipoiona ile rangi alishika ukuta.

"Nini hii?"

"Ndiyo ya bei ya chini," alisema Sindano. Lilikuwa jambo la kweli.

"Na ndani?"

"Mabaki." Hilo pia lilikuwa la kweli.

Daktari alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yakalowa kwa heshima. "Mabaki! Mimi nimesema godoro, yeye kaenda chini ya godoro. Bibie, huyu mtoto ana kipaji. Akipata malezi mazuri atakuwa mtu mbaya sana."

"Ni wa kwetu huyo," alisema Shangazi kwa fahari.

Daktari akachukua chenji iliyobaki, akaitia mfukoni, akapiga simu kwa Mwenyekiti palepale. "Mheshimiwa, kuna habari. Ile bluu nimeikataa. Bluu wanayo marais walioko madarakani, hawana muda wa kukaa. Nimekutafutia ile ya marais wastaafu. Hapana, si kijani, mheshimiwa. Ni rangi ya mapumziko."

*

Asubuhi ya Jumamosi wanachama walijaa gatini wakiwa wamevaa vizuri. Viti kumi na viwili viling'aa kwenye boti kama nyongo ya ng'ombe, na kila mtu alisema ni rangi ya pekee, kwa sababu Mwenyekiti aliwaambia mapema ni ya nani. Mwanachama mmoja mzee alisema yeye aliwahi kuiona kwenye televisheni.

Shangazi alisimama mbele na kilemba kipya. Sindano alisimama nyuma ya Shangazi, mikono imekamatana.

"Daktari yuko wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Amekwenda kuchukua cheti cha ubora," alisema Shangazi. "Anarudi sasa hivi."

Cheti cha ubora kilikuwa nyuma ya kibanda cha tiketi, kimechuchumaa na begi mkononi. Daktari alikuwa na nusu ya kwanza ndani ya koti na basi lake lilikuwa linapiga honi ng'ambo ya barabara. Alipaswa kuwa amekwishapanda. Lakini kulikuwa na tundu kwenye ubao, na katika miaka yote ya kuondoka kabla ya jaribio, hakuwahi kuona hata jaribio moja. Alitaka kuona uso wa Mwenyekiti, mara moja tu, kwa kumbukumbu.

Mpira ukafunguliwa. Maji yakapiga viti kwa kelele. Mwenyekiti alikunywa chai yake bila haraka, mpaka majani ya chini. Shangazi, aliyekuwa ameanza kuelewa jambo, alimshika Sindano mkono akauminya.

"Mwanangu," alinong'ona, "ile dawa ulipulizia lakini?"

Sindano alikuwa anatazama chini ya viti, ambako maji yalikuwa yanamwagika kwenye wavu kama mvua inayotoka ndani ya paa.

Mpira ukafungwa. Mwenyekiti akapitisha taulo juu ya kiti cha mbele, mara moja. Mke wake, mwanamke mkubwa aliyeonekana amechoka kuwa kipimo cha mambo ya mume wake, akapanda na gauni jeupe. Akakaa kwa uzito wake wote. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akakaa mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akanyanyuka, akageuka, akawaonyesha wanachama wote mgongo.

Jeupe. Kavu.

Makofi yalipigwa kama vile wote wameshinda kitu. Sindano alitoa pumzi aliyoibana tangu siku ya ile sahihi, na Shangazi alianza kuwaeleza waliokuwa karibu jinsi yeye mwenyewe alivyochagua sponji.

Nyuma ya kibanda, begi lilianguka. Daktari alijitokeza akitembea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akapanda botini, akapiga goti, akaweka sikio juu ya kiti, safari hii bila kuigiza. Akaminya. Akatazama mkono wake.

"Inafanya kazi," alisema polepole. "Dawa yangu... inafanya kazi."

Wanachama walimbeba juu. Nusu ya pili ilikwenda kwa Shangazi kama karatasi ilivyosema, na Daktari hakuinung'unikia hata kidogo; mtu aliyegundua dhahabu nyuma ya nyumba hagombei chenji. Alimvuta Sindano pembeni, karibu na kamba za kufungia boti.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ulipulizia chupa nzima?"

Sindano alitazama maji.

"Nusu chupa?"

Sindano alitazama viatu vyake.

"Robo!" Daktari alishika kichwa. "Robo chupa kwa viti kumi na viwili! Na mimi miaka yote nilidhani mimi ni tapeli!"

Uchaguzi ulifanyika saa hiyohiyo. Mwenyekiti alirudishwa kwa kura zote isipokuwa moja, na inasemekana ile moja ilikuwa ya mke wake. Hakuna aliyeuliza risiti. Watu walikuwa wamekaa pakavu.

*

Yaliyofuata yanasikitisha, na yasimuliwe kwa sauti ya chini. Daktari wa Mito alikuwa mwaminifu.

Wanachama watatu walitaka viti kama vile kwenye boti zao, naye alichukua kazi zote. Hakurudi kwa Shangazi, maana hakutaka kugawana na mtu siri ya dawa. Alikodi chumba upande mwingine wa mji, na mafundi wawili. Nusu ya kwanza yote aliitumbukiza humo: godoro baada ya godoro, marobota ya kitambaa cha kochi, bluu safi safari hii. Alipika mishumaa na sabuni kwenye pipa. Alipulizia kila mto mara tatu kwa mkono wake, akiongea nao. Alikataa kutoa risiti nene. Aliwaambia wateja, "Jaribio nitasimamia mwenyewe," na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimaanisha. Kwenye hati aliandika kwamba viti vikinyonya atarudisha kila kitu.

Siku ya jaribio alivaa suruali nyeupe. Hakukubali mke wa mtu yeyote akae kabla yake.

Waliokuwepo wanasema sauti ilikuja kwanza. Godoro lililokunywa maji ya mpira kwa muda wa kikombe cha chai halimpokei mtu kimyakimya. Daktari alikaa kwa kujiamini, na maji yakamtoka pande zote, mbele, nyuma, kwenye mishono, mpaka mwenye boti aliyekuwa amesimama hatua tatu akaloa soksi. Daktari hakunyanyuka. Alisogea kushoto kidogo, kama vile tatizo ni mahali. Yakatoka tena. Alipokuja kunyanyuka alikuwa wa bluu kuanzia kiunoni hadi magotini, na rangi haijatoka kwenye suruali ile mpaka leo.

Wenye boti walichukua kila alichokuwa nacho, pamoja na koti. Huo ndio ubaya wa kuwa mwaminifu bila mazoezi.

*

Alirejea karakanani siku ya Jumanne, mchana, begi lake limefungwa kwa kamba. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya kilichoandikwa kwamba humu yumo Bingwa wa Viti vya Boti, na chini yake jina la Shangazi kwa herufi za rangi mbili. Ndani kulikuwa na mito ya boti mpaka darini. Sindano alikuwa dirishani, anashona.

"Bibie," alisema Daktari mlangoni. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Jamani!" Shangazi aliacha mkasi. "Umekonda! Nani amekufanya hivi?"

"Dunia, bibie. Dunia haitaki wagunduzi." Akakaa kwenye benchi, akafuta miwani. Kisha akatazama ile mito, akatazama kibao, akatazama kilemba cha Shangazi, na Sindano akaona macho yake yanatulia tena. "Lakini sikuja kulia. Nimekuja na wazo. Mapazia yanayofukuza joto. Unaning'iniza dirishani, chumba kinapoa chenyewe. Nimeshapata mteja, mwenye nyumba ya wageni, vyumba arobaini. Mtu mzito. Anataka dhamana tu."

"Dhamana tu?"

"Kitu kidogo cha kushika, ili moyo wake utulie. Nilimwambia, mimi namjua mwanamke mmoja, mikono yake..."

Kicheko kile kilitoka tena mahali kilipohifadhiwa. "Wewe nawe! Basi tutakosa dhamana kweli? Si tunayo cherehani yangu?"

Cherehani ilisimama.

Hata Daktari aligeuka. Sindano alikuwa ametoa mguu kwenye kanyagio. Hakutazama chini, hakukuna sikio. Maneno yalifika kooni, yakakuta watu ni wawili tu, na mmoja wao ana suruali ya bluu.

"Shangazi," alisema. "Cherehani hii ni ya mama yangu, na mama yangu aliniachia mimi. Si wewe. Ukitaka kuweka dhamana, weka kitanda chako."